Vali Inayokwama Kwenye Baridi Kali: Mwongozo kwa Mafundi wa Mitambo ya Barafu na Vyumba vya Samaki Lamu

Msimu wa kaskazi, bahari ikilala, wavuvi wa Lamu hutoka kila siku na barafu huwa haitoshi. Hapo ndipo mtambo huonyesha kasoro zake. Geji ya bluu, ile ya presha ya chini, inashuka, chumba cha samaki kinapanda kutoka nyuzi -18 hadi -10, na mwendeshaji anasema gesi imeisha. Mara nyingi gesi ipo, kilichokwama ni vali. Na hata hiyo vali aghalabu si mbovu, ila imeingiliwa na maji, oili nzito, unga wa kutu au chumvi. Ukiongeza gesi bila kujua kilichoikwamisha, siku vali itakapofunguka gesi ya ziada itarudi kwenye kompresa ikiwa majimaji, na kompresa haijui kubana majimaji.

Mitambo midogo ya barafu ya vipande na vyumba vya baridi kwa kawaida hutumia gesi za R22, R404A au R134a kwenye mabomba ya shaba. Mitambo mikubwa ya mabonge hutumia amonia kwenye mabomba ya chuma. Jua uko kwenye mtambo upi kabla ya kitu kingine chochote, maana dalili zinafanana lakini sababu hazifanani.

Soma barafu kwanza

Chukua tochi na kipimajoto, spana iache mfukoni. Utando mweupe wa barafu juu ya mabomba unaeleza mengi, ila ukiumwagia maji kabla ya kuusoma umefuta ushahidi.

Kwenye vali ya ekspansheni (ile inayoshusha presha ya gesi ya majimaji inapoingia kwenye koili ya baridi) iliyo nzima, barafu huanzia katikati ya vali, pale penye tundu dogo la kupitishia gesi, na kuendelea upande wa koili ya baridi. Upande wa kuingilia hubaki na joto la kawaida. Ukikuta barafu imeanzia kwenye mlango wa kuingilia, chujio dogo lililo ndani ya mlango huo limeziba. Ikiwa filta draya (kichujio kinachonyonya maji ndani ya gesi) yenyewe ina umande au ni baridi ukiishika, imeziba: pima joto kabla na baada yake, na tofauti ikizidi nyuzi 1, ibadilishe. Bomba likiwa la vuguvugu kabla ya vali ya selenoidi (inayofunguliwa na sumaku ya umeme) na lenye barafu baada yake, selenoidi haifunguki yote.

Kuna na ile hali ya vali nzima kugeuka bonge la barafu, kichwa na shina vyote vimefunikwa. Hiyo ni barafu ya nje, na maana yake ni kwamba sponji ya kuzuia joto imeachia. Inatisha kwa macho lakini si lazima iwe ndiyo inayozuia gesi. Kwenye vali ya kufungwa kwa mkono ni kweli itakwamisha shina. Kwenye vali ya ekspansheni inaweza kuwa imekaa hapo mwaka mzima bila madhara, huku tatizo lako likiwa ndani.

Jaribio la kitambaa cha moto

Hili ni la mitambo ya gesi za R, na linachukua chini ya nusu saa.

1. Funga geji na uandike presha ya chini. Kwa koili inayotakiwa kuwa na nyuzi -30, R404A huonyesha karibu bar 1 na R22 karibu bar 0.6. Geji ikienda kwenye sifuri au chini yake huku kompresa ikizunguka, gesi haipiti.

2. Acha mtambo uendelee hadi presha itulie huko chini. Usiuzime, ukisimama kidogo tu barafu ya ndani huyeyuka na hutaona kitu.

3. Zungushia mwili wa vali kitambaa na umwagie maji ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, yaani yasizidi nyuzi 50. Balbu ya vali, kile kichupa cha kuhisi joto kilichofungwa kwenye bomba la kurudi, usiiguse bado. Moto wa gesi usitumike kamwe: hupasua kichwa cha vali, na bomba lililofungiwa majimaji ndani likichomwa hulipuka.

4. Tazama geji kwa dakika mbili tatu. Ikiruka juu ghafla na ukasikia gesi ikipita kwa mvumo, ndani kuna barafu au nta. Isipobadilika, endelea.

5. Fungua balbu kwenye bomba na uikamate kiganjani. Presha ikipanda, vali inafanya kazi: angalia upungufu wa gesi, au balbu ilivyokuwa imefungwa. Isipopanda hata kidogo, ama sindano ya ndani ya vali imenata au kichwa kimepoteza gesi yake. Kichwa kilichopoteza gesi huifunga vali moja kwa moja na hakitengenezeki, hubadilishwa.

Kutofautisha barafu na nta: barafu hujitokeza mtambo ukiwa umeanza vizuri, kisha koili ikashuka chini ya sifuri, hasa wiki chache baada ya mtu kufungua mabomba. Kioo cha kuchungulia chenye alama ya unyevu kitakuwa kimebadilika, na aina nyingi hutoka kijani kwenda manjano. Nta huja tu kwenye baridi kali zaidi, alama ya unyevu ikiwa bado inasema pakavu, na ukifungua chujio unakuta utando wa kahawia unaoteleza vidoleni. Nta hutoka kwenye oili. R22 inaondolewa sokoni hatua kwa hatua hadi 2030 kwa nchi kama Kenya chini ya Mkataba wa Montreal, kwa hiyo mitambo mingi ya zamani imebadilishiwa gesi. Fundi akiweka R404A na kuacha oili ya zamani ya madini, oili hiyo hairudi vizuri kwenye kompresa. Inabaki kwenye koili, inakuwa nzito, na inanata kwenye sindano. Dawa yake ni kumwaga oili yote na kuweka ya polyolester (oili ya kutengenezwa inayochanganyika na R404A), na kurudia hadi mabaki ya oili ya madini yawe chini ya asilimia 5. Kubadilisha vali peke yake hakutasaidia.

Amonia ni tofauti. Maji huyeyuka ndani yake, kwa hiyo hayagandi kwenye tundu la vali. Anayekwambia vali ya amonia imeziba kwa barafu ya ndani anakisia. Huko tafuta oili, kwa kuwa oili ya madini haichanganyiki na amonia, ni nzito kuliko majimaji yake, na hukaa chini kabisa kwenye vyumba vya floti na vikombe vya selenoidi. Tafuta pia magamba ya kutu na ya kuchomelea.

Kutoa maji ndani ya mtambo

Hapa ndipo kazi nyingi za pwani huharibikia. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 26. Sasa fikiria bomba la nyuzi -20 linalofunguliwa saa nne asubuhi Lamu. Umande hautulii nje tu, unaingia ndani ya bomba na kuganda ukutani, na fundi anafunga vali mpya juu yake. Baada ya siku tatu anaitwa tena.

1. Funga vali ya kutokea kwenye tangi la gesi na uache kompresa ivute gesi yote irudi tangini. Simamisha presha ya chini ikiwa bar 0.1 hadi 0.2 juu ya sifuri. Ukiacha ishuke chini ya hapo, kila nati iliyolegea itaanza kuvuta hewa yenye maji.

2. Zima, kata umeme kwenye swichi kuu, na usubiri hadi koili na vali ziwe na joto la chumba. Washa hita za kuyeyushia barafu kama zipo, kisha kata umeme tena. Kusubiri huku ndiko kunakookoa kazi.

3. Fungua vali kwa spana mbili, moja ikishika mwili na nyingine ikizungusha nati, la sivyo utapinda bomba la shaba. Toa kipande chenye tundu pamoja na chujio. Vioshe kwa spiriti safi na uvipulizie naitrojeni kavu. Usichokoe tundu kwa waya: mkwaruzo usioonekana kwa macho hubadilisha kiasi cha gesi kinachopita. Likiwa limelika, weka jipya la namba ileile.

4. Badilisha filta draya. Vifuniko vyake vitolewe dakika ya mwisho, isikae wazi zaidi ya dakika 15. Kama ni ya kuchomelea, pitisha naitrojeni kidogo ndani ya bomba wakati wa kuchoma, na uifunge vali kitambaa kilichoroa. Bila naitrojeni, shaba hutoa magamba meusi ndani, nayo yatakuwa kwenye chujio lako kabla ya wiki kuisha.

5. Jaribu uvujaji kwa naitrojeni kavu, kwa presha iliyoandikwa kwenye kibao cha mtambo. Oksijeni isitumike hata kama ndiyo mtungi pekee uliopo kisiwani. Ikikutana na oili ndani ya bomba hulipuka.

6. Weka vakyumu, yaani vuta hewa yote kwa pampu, pande zote mbili, ya juu na ya chini, kwa mipira mifupi na minene. Badilisha oili ya pampu kwanza. Pima kwa geji ya maikroni (kipimo cha presha ndogo sana ya vakyumu) iliyofungwa mbali na pampu, maana sindano ya geji ya bluu haiwezi kutofautisha maikroni 500 na 20,000. Kwa nyuzi 30, maji huanza kuchemka karibu maikroni 32,000, kwa hiyo joto la mchana ni rafiki yako hapa. Fika 500, funga pampu, na usubiri dakika 15. Ikipanda hadi 1,500 au 2,000 kisha ikatulia, bado kuna maji. Ikiendelea kupanda bila kusimama, pana uvujaji.

7. Kama kuna maji, jaza naitrojeni kavu hadi juu kidogo ya sifuri, iache dakika chache ichukue unyevu, kisha vuta tena. Mara tatu kwa jumla hutosha kwa mtambo uliokuwa na maji ya kawaida. Uliomwagikiwa na maji ya kondensa (kipozea gesi cha maji) iliyotoboka ni habari nyingine: huo unahitaji draya kubwa ya muda, na oili ibadilishwe.

R404A ijazwe ikiwa majimaji kutoka kwenye mtungi, kwa kuwa ni mchanganyiko, na ukiijaza ikiwa mvuke unabadilisha uwiano wake.

Kuipanga vali upya

Balbu ifungwe kwa mkanda wa chuma kwenye bomba lililosuguliwa likang'aa, sehemu iliyolala sawa, baada tu ya koili. Kwenye bomba jembamba kuliko mm 22, balbu ikae juu. Bomba nene zaidi, weka balbu mahali ilipo namba 4 au namba 8 kwenye uso wa saa ya ukutani, yaani pembeni kuelekea chini. Chini kabisa pasitumike, hapo hupita oili na itadanganya balbu. Kisha funika balbu kwa sponji.

Pima presha pale kwenye koili na uibadilishe kuwa nyuzi kwa jedwali la gesi yako. Pima joto la bomba palipo na balbu. Tofauti yake ndiyo joto la ziada. Kwa mfano, R404A ikiwa bar 1 ni kama nyuzi -30. Bomba likiwa -24, joto la ziada ni 6, na hapo pazuri. Lenga 5 hadi 8. Kuzungusha skrubu kwenda kulia huongeza joto la ziada na kupunguza gesi. Zungusha robo tu, kisha subiri dakika 15 hadi 20 kabla ya kuigusa tena. Anayezungusha kila dakika mbili ataishia mbali kuliko alipoanzia.

Vali zenye alama ya MOP (kikomo cha juu cha presha ya kufanyia kazi) zina hila yake. Kichwa kikiwa na baridi kuliko balbu, gesi ya balbu huhamia kichwani na vali hujifunga, ukadhani imekwama. Hutokea vali ikiwa ndani ya chumba cha baridi na balbu ikiwa imevuliwa sponji. Pasha kichwa kidogo, na ikifunguka, rekebisha ufungaji.

Selenoidi

Sikiliza mlio wa "tak" unapowasha na kuzima. Usipousikia, pima umeme kwenye nyaya za koili ya selenoidi, ile ya sumaku, mzigo ukiwa umewaka. Koili ya volti 230 huvumilia upungufu wa asilimia 15, yaani isishuke chini ya 195. Umeme ukishuka jioni wakati kila nyumba imewasha feni, pistoni hunyanyuka nusu na koili huungua. Kama volti zipo na mlio haupo, kata umeme, pima koili kwa meta: ikionyesha ukinzani usio na mwisho, waya wa koili umekatika.

Usiwashe koili ikiwa imevuliwa kwenye shina lake. Bila chuma katikati huvuta umeme mwingi na huungua kwa dakika chache. Ni njia ya haraka zaidi ya kuharibu kipuri kizima.

Mlio upo lakini gesi haipiti? Vuta gesi tangini, fungua vali, toa pistoni na diaframu. Kwenye diaframu kuna kitundu kidogo sana, na kikizibwa na chembe moja ya uchafu vali haifanyi kazi. Pistoni iliyonata kwa oili nyeusi ioshwe, na ukutani mwa bomba lake pasikwaruzwe. Kagua mshale wa mwelekeo, maana vali iliyofungwa kinyume haifungi vizuri. Selenoidi nyingi za aina hii pia zinahitaji tofauti ya presha angalau bar 0.05 kati ya kuingia na kutoka, hivyo vali kubwa kuliko mtambo itafunguka na kufunga yenyewe.

Ikikwama wazi, hatari ni kubwa kuliko ikikwama imefungwa. Gesi ya majimaji hujaa kwenye koili ya baridi mtambo ukiwa umezima, na kompresa ikiwaka huipiga. Dalili: bomba baada ya selenoidi lina barafu hata mtambo ukiwa umesimama.

Vali za kupitisha gesi upande mmoja tu hazina mengi. Zikinata ni kiti kimekwaruzwa na magamba. Fungua, osha, badilisha springi.

Vali za mkono za amonia

Usifanye peke yako. Barakoa ya uso mzima yenye kichujio cha amonia, cha rangi ya kijani, glavu za mpira, na maji safi tayari ya kuosha macho kwa dakika 15. Tundika kitambaa nje ya mlango uone upepo, na usimame upande unakotoka. Amonia ya majimaji iliyomwagika sakafuni usiimwagie maji, itachemka na kutoa wingu kubwa zaidi. Maji ya kunyunyiza ni ya kushusha mvuke hewani.

Vali ikigoma kuzunguka, yeyusha barafu ya nje kwa maji ya vuguvugu hadi shina lote lionekane. Nyundo marufuku. Chuma cha kaboni cha kawaida hukubaliwa hadi nyuzi -29, na chini ya hapo hupoteza uwezo wa kuvumilia pigo. Bomba la kurefusha spana nalo liache, litavunja shina na kukuachia tundu wazi la amonia.

Zungusha kidogo kuelekea kufunga, kisha kufungua, mbele na nyuma, huku ukitia oili ya kompresa kwenye nyuzi za shina. Isipolegea, sababu huwa mara nyingi ni pakini, zile ringi za teflon zinazozuia uvujaji kwenye shina. Teflon hupungua na kuvimba kwa joto karibu mara kumi kuliko chuma. Fundi alikuta glandi (kifuniko kinachobana pakini) inavuja ikiwa kwenye baridi, akaikaza kwa nguvu. Mtambo ukaenda kuyeyusha barafu, teflon ikavimba, ikalibana shina. Legeza glandi si zaidi ya robo mzunguko, na hapo tu ikiwa vali imefunguliwa hadi kukaa kwenye kiti chake cha nyuma au bomba limeshavutwa amonia. Vali iliyokwama katikati yenye presha haiguswi glandi.

Ukishaitoa, sugua shina kwa msasa laini wa namba 400, weka ringi mpya za pakini zilizokatwa kwa mshazari, na viungo vyake visikae mstari mmoja. Kaza bolti za glandi sawasawa, kwa mkono na spana fupi. Mtambo ukishafika kwenye baridi yake, kaza tena kidogo sana, kama inavuja tu. Hakuna shaba wala brasi popote, amonia huzila. Rudisha kofia ya shina: hiyo ndiyo inayozuia hewa ya chumvi, na ndiyo hupotea kwanza.

Usifunge vali mbili kwenye bomba moja la majimaji bila vali ya usalama kati yake, hata dakika moja. Majimaji yakipata joto hutanuka na hayana pa kwenda.

Kuzuia barafu ya nje

Sponji nyeusi ya mpira ya mm 19 haitoshi kwa bomba la -30 katika hewa ya Lamu. Weka mm 38 hadi 50 kwa tabaka mbili, viungo vya tabaka la juu visikutane na vya chini, na kila kiungo kifungwe kwa gundi yake. Uso wa nje ukishuka chini ya zile nyuzi 26, umande unaingia, unaganda ndani ya sponji na kuipasua. Vali zinazoganda na kuyeyuka kila siku, kama zile za gesi ya moto, ndizo zinazoliwa na kutu kuliko zile zinazobaki kwenye baridi muda wote. Paka rangi ya epoksi kabla ya kufunika, na fungua sponji ukague wakati wa kusi, mashua zikiwa zimevutwa pwani na barafu haina haraka.

Vipuri hutoka Mombasa kwa barabara hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha kwa boti. Kwa hiyo weka kisiwani: koili mbili za selenoidi, seti moja ya diaframu, tundu la vali la namba yako na moja la namba inayofuata, kichwa kimoja cha vali, draya tatu, oringi, pakini na mtungi wa naitrojeni. Oili ya polyolester nunua ya kopo la lita moja. Kopo la lita tano likifunguliwa kwa kazi ya lita moja, nne zilizobaki zitakuwa zimeshavuta maji ya hewani kabla hujazihitaji.